Kumdekeza Mbwa si Kumtunza

Lugha yetu inavyo vitenzi vitatu ambavyo watu huvichanganya mara kwa mara: kufuga, kutunza na kudekeza. Anayefuga humweka mnyama chini ya mamlaka yake ili apate faida. Anayetunza huzijua haja za mwili wa mnyama yule na kuzitimiza. Anayedekeza hutimiza haja za moyo wake mwenyewe, naye mnyama hupokea tu. Kwa maoni yangu, hapa kwetu Nyanda za Juu za Kusini mbwa na paka wengi wanafugwa, baadhi yao wanadekezwa, na walio wachache kabisa ndio wanaotunzwa. Nayasema haya nikiwaelekea hasa walimu na wanafunzi wa sekondari, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Atembeaye Gangilonga mjini Iringa, au Uzunguni mjini Mbeya, asubuhi ya mwezi wa Juni au Julai wakati baridi inapouma, hatakosa kuona mbwa wa asili ya kigeni aliyevikwa sweta la mtumba, amelazwa barazani juu ya godoro. Chakula chake hutoka mezani kwa wenyeji: wali, mchuzi, mifupa ya kuku, na siku ya sikukuu kipande cha keki. Sasa na ashuke hadi Ismani, au apande Mufindi, au aende Mbozi. Huko atamkuta mbwa mwembamba mwenye rangi ya udongo, asiye na sweta wala godoro, alaye ukoko wa ugali na kile akiokotacho mwenyewe. Ukiuliza mbwa huyu ni wa nani, baba atasema ni wa nyumba. Lakini ukitazama anamfuata nani, utaona anamfuata kijana wa miaka kumi na miwili aendaye machungani. Huyo ndiye mwenye mbwa. Ndiye aliyempa jina, ndiye anayemgawia kiporo chake, na ndiye anayeweza kumshika bila kuumwa.

Wapo wasemao kwamba mapenzi ya namna hii ni desturi ya kizungu tuliyoiiga. Siyakubali maneno hayo. Ni kweli kwamba huko Ulaya nilikosomea mambo haya yamefikishwa mbali. Jijini London, pembeni mwa bustani ya Hyde Park, yako makaburi ya mbwa yaliyoanzishwa mwaka 1881, kila moja na jiwe lake lenye maandishi. Hata hivyo mapenzi yenyewe ni ya kale kuliko Ulaya tuijuayo. Mwaka 2004 wachimbuzi wa mambo ya kale walitangaza kwamba katika kisiwa cha Cyprus wamelikuta kaburi la mtu aliyezikwa miaka ipatayo 9,500 iliyopita, na karibu naye amezikwa paka. Uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka-pori yule yule ambaye hata leo anaishi katika mbuga zetu, Ruaha ikiwamo. Kwa hiyo paka alalaye kando ya jiko lako ana ndugu yake wa porini mwendo wa saa chache tu kutoka Iringa mjini. Si mgeni huyo.

Sina ugomvi, basi, na mapenzi. Ugomvi wangu ni na mapenzi yasiyouliza swali.

Tuanze na chakula, maana hapo ndipo kudekeza kunapodhihirika. Paka ni mla nyama kwa maumbile yake. Hawezi kugeuzwa mla ugali kwa kuzoeshwa. Mwili wake hauwezi kujitengenezea kwa kiasi cha kutosha dutu iitwayo taurini, ambayo hupatikana katika nyama na samaki na haipatikani katika nafaka. Mwaka 1975 watafiti walionyesha kwamba paka anayekosa taurini huharibika sehemu ya nyuma ya jicho na hatimaye huwa kipofu. Mwaka 1987 ikathibitika kwamba hata moyo wake hutanuka na kulegea. Paka anayelishwa ugali na maziwa tu kwa upendo mwingi ana njaa asiyoweza kuieleza. Dawa yake haihitaji duka la kigeni. Usipa wa Ziwa Nyasa, anayeuzwa mkavu Kyela na katika masoko ya Mbeya, anayo taurini hiyo, na konzi moja yake ina manufaa kuliko kikombe kizima cha maziwa, ambayo paka wengi wakishakua hawayameng'enyi vizuri.

Vitunguu navyo. Mkoa wa Iringa unasifika kwa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, na ni mchuzi gani wa kwetu usiokuwa navyo? Lakini kitunguu, kiwe kibichi au kimepikwa, kina dutu zinazopasua chembe nyekundu za damu ya mbwa na paka. Kwa mbwa, gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo moja ya uzito wake zatosha kuleta madhara. Kwa paka zatosha gramu 5. Mwanafunzi na apige hesabu: mbwa wa kilo 15 atadhurika kwa gramu 225, yaani vitunguu viwili vikubwa hivi. Mwenye mbwa atamwona amelegea siku chache baadaye, ufizi wake umepauka, naye atadhani karogwa.

La kutisha zaidi ni vidonge. Paka akionekana ana homa, mwenye huruma humpa parasetamoli, kwa kuwa ndiyo ampayo mtoto wake. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumwua paka mzima. Ini la binadamu lina kimeng'enya kinachoifunga dawa ile na kuitoa mwilini bila madhara. Ukoo wote wa paka, simba akiwamo, umepoteza uwezo huo tangu zama za kale. Dawa hubaki, hugeuka sumu, na damu hushindwa kuchukua oksijeni. Ufizi huwa wa rangi ya kahawia. Nani atamlaumu aliyempa? Hakuna aliyemfundisha.

Kisha yako mahindi yaliyooza. Mikoa yetu hii ni ghala la taifa, na fahari hiyo twaistahili. Lakini katika kila ghala kuna gunia lililonyeshewa, na desturi yetu ni kwamba mahindi yaliyoota ukungu hayaliwi na watu, yanapewa mbwa na kuku. Ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi. Nchini Marekani, mwishoni mwa mwaka 2005, mbwa zaidi ya mia moja walikufa kwa kula chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kwa upande wa watu, mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Basi gunia lisilomfaa mtu halimfai mbwa pia, na mbwa anayekufa baada ya kulila anatuletea habari ambayo yafaa tuisikilize kabla hatujafungua gunia la pili.

Haya ya chakula, hata hivyo, humdhuru mnyama mwenyewe zaidi. Liko jambo moja ambalo humwua mnyama, na mwenye mnyama, na mtoto wa jirani, nalo ni kichaa cha mbwa.

Virusi vya ugonjwa huu huishi katika mate. Mnyama mgonjwa akiuma, virusi huingia kwenye misuli, kisha hupanda polepole kwa kufuata neva hadi kwenye ubongo. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu. Yaweza kuwa juma moja, yaweza kufikia mwaka. Katika muda wote huo mtu hajisikii lolote, na katika muda huo huo chanjo inaweza kumwokoa. Dalili zikishaanza, yaani homa, wasiwasi, kushindwa kumeza, kuogopa maji, hakuna tiba ya kutegemewa, na kifo ni karibu hakika. Shirika la Afya Duniani hukisia kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa maradhi haya, takriban wote kwa kuumwa na mbwa, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makisio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa karibu vifo 1,500 kwa mwaka, hesabu iliyozidi takwimu rasmi za wakati ule hadi mara 100. Wengi hufia nyumbani, nao hawaandikwi popote.

Wengi wetu tunadhani mbwa mwenye kichaa ni yule akimbiaye ovyo, macho mekundu, akiuma kila kilicho mbele yake. Yuko huyo, naye watu humkimbia. Lakini iko namna ya pili, ya kimya. Mbwa hunyamaza, hujificha gizani, taya lake la chini huning'inia, mate humtoka, hawezi kumeza. Anamtazama bwana wake kama anayeomba msaada. Mwenye kumpenda hufanya nini? Humshika kichwa, humfungua kinywa, hutia vidole kooni kutafuta mfupa uliokwama. Mfupa haumo. Asiyempenda mbwa hawezi kupatwa na ajali hii. Humpata mtu mwema, na katika vijiji vyetu mtu mwema huyo mara nyingi ni yule kijana wa machungani.

Kwa hiyo kila mwanafunzi na ashike mambo mawili. Kwanza, mbwa asiyeweza kumeza haguswi kinywa kamwe. Afungiwe mahali, na mtaalamu wa mifugo aitwe. Pili, aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 kamili, kwa saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo, na arudi kwa kila sindano atakayoagizwa. Sabuni huvunja utando wa mafuta unaovizunguka virusi hivi. Pilipili, mafuta ya taa, majani yaliyopondwa, vyote hivyo havivunji kitu bali hukichokoa kidonda.

Je, tufanye nini na mbwa wenyewe? Kwa muda mrefu jibu la serikali nyingi lilikuwa risasi na sumu. Mwaka 1997 kichaa kiliingia katika kisiwa cha Flores, Indonesia, pamoja na mbwa walioletwa kutoka kisiwa kingine. Karibu nusu ya mbwa wa Flores wakauawa, ugonjwa haukutoka. Sababu zake si za kibiolojia peke yake. Anayempenda mbwa wake humficha, au humhamishia kijiji cha pili, pengine pamoja na virusi. Na aliyeuawa mbwa wake huchukua mtoto wa mbwa mwingine asiye na kinga yoyote. Kampeni inayopigana na mapenzi ya watu hushindwa. Waingereza nao walionja hayo: mwaka 1897 waziri wao wa kilimo, Walter Long, alipoamuru mbwa wafungwe midomo, wapenda mbwa walimchukia na kumtukana, ilhali ni amri hiyo pamoja na karantini iliyokiondoa kichaa katika nchi yao kufikia mwaka 1902.

Sisi tunacho kilicho bora kuliko amri ya Bwana Long, na uthibitisho wake ulipatikana katika nchi yetu wenyewe. Katika Wilaya ya Serengeti, kuanzia mwaka 1996, mbwa wa vijijini walichanjwa kwa kampeni za kila mwaka. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70; baada ya pili, asilimia 97. Idadi ya watu walioumwa ikashuka pia. Nawaomba walimu wa biolojia wautumie mfano huu badala ya mifano ya Ulaya iliyojaa vitabuni.

Na walimu wa hesabu wasiachwe nyuma. Utafiti wa Serengeti na Ngorongoro uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza, kwa wastani, mbwa wengine zaidi kidogo ya mmoja, tuseme 1.2. Ili ugonjwa ufifie, sehemu ya mbwa wenye kinga yapasa izidi 1 toa 1 gawanya kwa 1.2, yaani kama asilimia 17. Mwanafunzi makini atauliza: mbona basi wataalamu wanadai asilimia 70? Swali zuri hilo. Jibu ni kwamba maisha ya mbwa wa kijijini ni mafupi na watoto wake ni wengi. Waliochanjwa mwezi huu, wengi wao watakuwa wamekufa kabla mwaka haujaisha, na mahali pao pamechukuliwa na watoto wasio na kinga. Asilimia 70 ya leo yaweza kuwa 35 baada ya miezi kumi na miwili. Utafiti huo huo uliweka mpaka wa hatari kati ya asilimia 20 na 45, kwa kuwa mahali hapafanani na mahali, na 1.2 ni wastani tu. Tunachanja sabini leo ili tusianguke chini ya mpaka huo kabla ya chanjo ya mwaka ujao.

Hapa ndipo ninapoona makosa ya kudekeza. Mbwa wa godoro kule Gangilonga akichanjwa peke yake, yeye atapona, lakini asilimia ya mtaa haitabadilika. Kinga hii ni ya ujamaa kwa maumbile yake. Haipatikani kwa mtu mmoja mmoja. Mwenye uwezo angemfaa mbwa wake zaidi kama angeiacha ile sweta na fedha yake akachangia chanjo ya mbwa watano wa wapagazi na wauza mkaa wanaopita mlangoni pake. Popote kampeni ilipotoza ada, watu waliacha mbwa wao nyumbani. Ilipokuwa bure na karibu, walikuja.

Najua nitakayojibiwa: watoto wetu hawana viatu, nawe wahubiri habari za mbwa? Nasema dozi moja ya chanjo ya mbwa ni rahisi mara nyingi kuliko mfululizo wa sindano za mtoto aliyeumwa, usihesabu nauli ya kumtoa kijijini hadi hospitali ya wilaya na kumrudisha tena na tena. Anayehurumia mtoto asiye na viatu aanze na mbwa anayekutana naye njiani. Tena tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo haikutungwa kwa ajili ya wenye mbwa wa kigeni pekee. Na tunaishi jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yenye mbwa mwitu wanaohesabika miongoni mwa waliosalia wachache barani; maradhi ya mbwa wa nyumbani hayaheshimu mpaka wa hifadhi. Mwaka 1994 Serengeti ilipoteza takriban thuluthi ya simba wake kwa virusi vya distempa, vya aina ile ile iwapatayo mbwa wa vijijini.

Sasa ile sababu ya kuwaelekea wanafunzi. Katika vijiji vingi wanaowaleta mbwa kwenye chanjo ni watoto, maana ndio wanaowamudu. Mtu mzima hawezi kumfunga kamba mbwa asiyemjua. Napendekeza, basi, kwamba chama cha sayansi cha kila shule ya sekondari katika mikoa yetu kiifanye kampeni ya chanjo kuwa kazi yake ya mwaka, pamoja na ofisa mifugo wa kata. Kabla ya siku ya chanjo, wanafunzi wawahesabu mbwa nyumba kwa nyumba, wakubwa na wadogo, na kuandika umri na jinsia. Siku ya chanjo kila mbwa aliyechanjwa avishwe shingoni utepe wa rangi moja, wa kitambaa tu. Siku ya pili yake, alfajiri na jioni mbwa watokapo, wanafunzi wapite njia zote za kijiji wakihesabu wenye utepe na wasio nao. Hesabu hiyo itasema kama sabini imefikiwa, na ni kitongoji gani kimeachwa. Maabara ya veterinari ya kanda yetu iko Iringa mjini, na haitakuwa taabu kubwa matokeo hayo kuifikia.

Jambo moja wasilisahau wakati wa kuwahesabu. Wenye mbwa wengi huwaacha watoto wa mbwa nyumbani wakisema ni wadogo mno kwa sindano. Si kweli, Shirika la Afya Duniani linaagiza wachanjwe wote siku ya kampeni, hata walio chini ya miezi mitatu. Na mtoto wa mbwa ndiye ambaye watoto wa nyumba humbeba kifuani, humbusu, na kulala naye. Aletwe naye, hata kama ni kwa kubebwa ndani ya kikapu.